Jiwe Si Breki: Jinsi ya Kutafuta na Kurekebisha Ubovu wa Breki ya Mkono ya Pikapu



Somo letu la leo ni la vikundi vyote vyenye pikapu, na pia vile vinavyokodisha pikapu kubeba maziwa, majani chai, mboga, mbolea au mabati ya ujenzi. Tutazungumza juu ya breki ya mkono, ile ambayo madereva wengi huiita hendibreki.

Nenda kwenye kituo chochote cha kukusanya maziwa katika sehemu za milima. Pikapu inafika, na kabla dereva hajazima injini taniboi ameruka chini na jiwe mkononi, analisukuma nyuma ya gurudumu. Watu wanaendelea kupakia mikebe. Hakuna anayeuliza kwa nini gari inahitaji jiwe. Tumezoea. Jiwe limekuwa spea mojawapo ya gari, linasafiri nyuma pamoja na mzigo.

Lakini jiwe si breki. Jiwe la mviringo huteleza kwenye matope. Jiwe dogo hurukwa na gurudumu gari ikishajaa. Halafu mara nyingi dereva anapoondoka, jiwe linabaki barabarani, na usiku mwenye pikipiki au baiskeli analigonga. Kwa hivyo breki mbovu ya gari moja inaweza kuumiza mtu ambaye hata hajawahi kuiona gari hiyo.

Jambo kubwa la kukumbuka katika somo hili ni hili: usianze kwa kukaza kebo. Tafuta kwanza nguvu ya mkono inapotelea wapi. Wengi hukaza kebo tu, breki inashika wiki mbili, kisha inarudi kama zamani au mbaya zaidi.

1. KWA NINI BREKI HII NI YA MAANA

Breki ya mguu hufanya kazi dereva akiwa ndani. Breki ya mkono hufanya kazi dereva akiwa nje, wakati akina mama wanapakia na watoto wanazungukazunguka gari. Ndiyo breki pekee inayobaki ikilinda gari wakati hakuna mtu kwenye usukani.

Hebu tufanye hesabu kidogo. Tuseme pikapu tupu ina uzito wa kilo 1,500. Imesimama mahali ambapo kwa kila mita 5 za kwenda mbele barabara inapanda mita 1. Hapo mlima unaivuta gari kurudi nyuma kwa nguvu sawa na uzito wa kilo 294 hivi. Hiyo ni zaidi ya magunia matatu ya mahindi ya kilo 90. Sasa pakia mzigo wa kilo 1,000. Nguvu ya kuvuta inafika kilo 490, yaani zaidi ya magunia matano.

Sasa mnaona kwa nini dereva husema, "Hii breki iko sawa, inashika." Ni kweli inashika, lakini gari ikiwa tupu. Ikishapakiwa, breki ileile dhaifu inaachilia. Na inaachilia wakati ule ule watu wamesimama nyuma yake wakipandisha mzigo.

2. SAFARI YA NGUVU KUTOKA MKONONI HADI GURUDUMUNI

Huwezi kutafuta ubovu kama hujui njia. Katika pikapu nyingi zenye dramu za breki nyuma, nguvu husafiri hivi:

(a) Mkono wa breki. Kuna ule ulio kati ya viti, na kuna ule wa kuvuta chini ya dashibodi. Una meno ya chuma yanayouzuia usirudi. Ule mlio wa "kra-kra-kra" ni wa meno hayo.

(b) Kebo ya mbele. Ni waya wa chuma unaotoka kwenye mkono kwenda chini ya gari.

(c) Kigawanyi. Ni kipande cha chuma chini ya gari kinachogawa nguvu ya kebo moja iwe ya magurudumu mawili. Kinafanya kazi kama nira ya ng'ombe wawili: upande mmoja ukilegea, kinapinda.

(d) Kebo mbili za nyuma, moja kwa kila gurudumu. Zinapita ndani ya ganda.

(e) Kiwiko cha gurudumu. Katika Toyota Hilux nyingi za zamani kiko nje, nyuma ya bamba la breki, kimefunikwa kwa mpira. Katika magari mengine kebo inaingia ndani ya dramu moja kwa moja.

(f) Viatu vya breki, ambavyo mafundi huviita shuu. Vimebandikwa lainingi, ile sehemu inayolika. Vinapanuka na kukandamiza dramu kwa ndani, na dramu ndiyo inayoshika gurudumu.

Angalia jambo hili vizuri. Breki ya mguu hutumia mafuta ya breki, lakini breki ya mkono hutumia kebo. Njia ni mbili ila mwisho wake ni mmoja, kwa maana zote mbili hukutana kwenye viatu vya nyuma. Tena, ukikanyaga breki ya mguu magurudumu ya mbele ndiyo hufanya kazi kubwa. Kwa hivyo viatu vya nyuma vinaweza kufa kabisa na dereva asijue, kwa sababu gari bado inasimama vizuri barabarani. Breki nzuri ya mguu si ushahidi kwamba breki ya mkono ni nzima.

Kuna magari ya namna nyingine. Land Rover za kazi za miaka mingi zina breki ya mkono nyuma ya giaboksi, inashika propela badala ya magurudumu. Hiyo usiivute gari ikiwa mwendoni, kwa maana inaweza kuvunja vyuma vya ekseli. Na ukipandisha gurudumu moja la nyuma kwa jeki, breki hiyo haizuii kitu, kwa sababu difu inaruhusu gurudumu lililo hewani kuzunguka na gari ikasogea. Pikapu mpya kadhaa nazo zina breki ya kubonyeza kidude cha umeme. Hiyo mpelekee fundi mwenye vifaa vyake.

3. USALAMA KABLA YA KUSHIKA SPANA

Watu wameumia wakirekebisha breki kuliko wanavyodhani wenzao. Fuateni haya:

- Tafuteni mahali tambarare na pagumu. Si kwenye mteremko, si kwenye nyasi zenye unyevu.

- Zuieni magurudumu ya MBELE, pande zote mbili, mbele na nyuma ya kila tairi. Wengi hukosea hapa. Breki ya mkono hushika magurudumu ya nyuma tu. Ukishayapandisha ya nyuma, ya mbele hayashikwi na chochote. Na gia pia haitasaidia, kwa maana katika pikapu ya kawaida gia huendesha magurudumu yale yale ya nyuma yaliyo hewani.

- Tumieni kabari za mbao zilizokatwa kwa mshazari. Hizi ndizo za kuhifadhi ndani ya gari, si mawe ya barabarani.

- Jeki ni ya kuinulia, si ya kulalia chini yake. Wekeni stendi za chuma chini ya ekseli. Kama hakuna stendi, pangeni vipande vya mbao nene na pana. Msitumie matofali wala mawe ya kujengea, kwa sababu yanaweza kupasuka ghafla.

- Injini izimwe, na ufunguo akae nao yule aliye chini ya gari.

- Vumbi la ndani ya dramu msilipulize kwa mdomo wala kwa upepo wa kompresa. Lainingi za zamani zilitengenezwa kwa asbestosi, na vumbi lake huharibu mapafu baada ya miaka mingi. Pangusa kwa kitambaa chenye maji, kisha kitie ndani ya mfuko na kuufunga. Watoto wakae mbali.

4. MAJARIBIO MANNE YA KUTAFUTA UBOVU

Fanyeni kwa mpangilio huu. Mmoja aandike matokeo kwenye kitabu.

Jaribio la kwanza: hesabu meno. Dereva akae kitini, avute mkono wa breki polepole huku akihesabu milio. Idadi inayofaa hutofautiana kwa kila aina ya gari, na kitabu cha gari huieleza. Jambo la maana ni kujua idadi ya gari yenu ilipokuwa nzima, kisha kuangalia inavyoongezeka mwezi kwa mwezi. Msikilize pia mkono wenyewe:

- Ukipanda juu sana kabla ya kushika, kuna ulegevu mahali.
- Ukipanda wote bila uzito wowote, kebo imekatika au imechomoka.
- Ukiwa mgumu mapema lakini gari haishiki, kebo imekwama ndani ya ganda au viatu vina mafuta.
- Ukishika kisha ukaruka wenyewe kurudi chini, meno yamelika.

Taa nyekundu ya dashibodi isiwadanganye. Huwaka kwa sababu mkono umevutwa. Haisemi kama breki inashika. Na ikiwaka mkono ukiwa chini, angalieni mafuta ya breki, huenda yamepungua.

Jaribio la pili: linganisha na breki ya mguu. Hili ni rahisi sana, tena linaokoa pesa. Kama mkono unapanda juu sana na pedali ya breki pia inazama chini kuliko kawaida, shaka kwanza viatu vya nyuma: vimelika au havijasogezwa karibu na dramu. Kama mkono unapanda juu lakini pedali iko vizuri, shaka kwanza kebo, kigawanyi na viwiko. Lakini pedali ikizama taratibu mguu ukiwa umeikanyaga, hiyo ni hatari nyingine ya mafuta ya breki. Gari isitoke hapo mpaka fundi aione.

Jaribio la tatu: angalia chini ya gari. Magurudumu yakiwa yamezuiwa na injini imezimwa, mmoja avute na kuachilia mkono wa breki, mwingine aangalie chini kwa tochi. Fuata njia ileile tuliyojifunza. Je, kebo ya mbele inasogea? Kigawanyi kinavutwa sawasawa, au kimepinda upande mmoja? Kebo za nyuma zote mbili zinasogea? Viwiko vya magurudumu vinasogea, na je, vinarudi mpaka mwisho mkono unapoachiliwa? Pale mwendo unapokomea ndipo ubovu ulipo. Kama kebo inavutwa mbele lakini kwa nyuma haisogei, imekwama ndani ya ganda. Kama kebo inafika lakini kiwiko kimekataa, kiwiko kimeshika kutu.

Jaribio la nne: zungusha magurudumu. Pandisha ekseli ya nyuma kwa usalama kama tulivyosema, gia ikiwa huru. Mkono ukiwa chini, kila gurudumu lizunguke, likwaruze kidogo tu. Sasa vuta mkono hadi mahali pake pa kawaida. Magurudumu yote mawili yakatae kuzunguka. Kama moja linazunguka na jingine limeshika, mna breki nusu. Breki nusu huweza kutosha kwa gari tupu, lakini mnakumbuka ile hesabu ya magunia.

Dalili nyingine hupatikana barabarani. Baada ya safari, sogeza kiganja karibu na rimu za nyuma bila kuzigusa. Upande mmoja ukitoa joto kali kuliko mwingine, breki ya upande huo haiachilii. Inakula lainingi, mafuta ya gari na grisi ya beringi kwa wakati mmoja.

5. KUREKEBISHA

Kazi ya kusafisha na kukagua, kikundi chenye vijana waangalifu kinaweza kufanya. Kazi ya kufungua dramu na kubadilisha viatu ifanywe na fundi anayejua, lakini mmoja wenu asimame hapo aone. Fundi mzuri wa jua kali hakatai kuonyesha. Akikataa kukuonyesha spea ya zamani aliyoitoa, jiulize.

Kufungua dramu. Kwanza hakikisha mkono wa breki uko chini kabisa. Dramu nyingi zikikataa kutoka zina matundu mawili yenye nyuzi. Ingiza bolti mbili zenye nyuzi zinazofanana, kaza moja kidogo, na nyingine kidogo, na dramu itasukumwa nje yenyewe. Usiipige nyundo kwenye ukingo, itapasuka. Kama bado inakataa, viatu vimeshika ukingo uliobaki wakati dramu ilipolika. Virudishe ndani kwanza kwa kupitia tundu la bamba la nyuma.

Viatu vilivyolika. Usingoje lainingi ifike milimita 1. Kama lainingi imepigiliwa kwa ribiti, ibadilishwe kabla vichwa vya ribiti havijagusa dramu. Badilisheni magurudumu yote mawili kwa pamoja, hata kama upande mmoja unaonekana una maisha bado. Upande mpya na upande mzee havishiki sawa.

Viatu vyenye mafuta. Hapa pesa nyingi hupotea. Fundi anaviosha kwa petroli au anavichoma moto, anavirudisha, na baada ya siku chache vimelowa tena. Lainingi iliyokwisha kunywa mafuta haifai tena. Na hata ukiweka mipya, lazima kwanza uzibe mahali mafuta yanapotoka. Mafuta mazito yenye harufu ya mafuta ya gia yametoka kwenye difu kupitia sili ya ekseli. Mafuta mepesi yanayobabua rangi ya gari yametoka kwenye silinda ya gurudumu. Rekebisha sili au silinda kwanza, viatu baadaye.

Dramu. Ikiwa na mitaro mirefu au nyufa, au imelika kupita kipimo, haifai. Kipimo cha mwisho cha upana wa ndani kwa kawaida huandikwa kwenye dramu yenyewe. Fundi mwenye mashine ya kuchonga asivuke nambari hiyo.

Kiwiko kilichoshika kutu. Ugonjwa huu ni wa kawaida sana katika pikapu zinazopita matope na mito. Mpira wa kukifunika hupasuka, matope yanaingia, pini inashika kutu. Kitoe, safisha pini na tundu lake kwa msasa na brashi ya waya, paka grisi isiyoyeyuka kwa joto, na uweke mpira mpya. Kumwaga mafuta juu yake bila kukifungua ni kujidanganya. Katika Hilux hizo za zamani hasara ni mara mbili, kwa maana kule kuvuta mkono wa breki ndiko kunakofanya viatu vijisogeze karibu na dramu kadiri vinavyolika. Kiwiko kikikwama, viatu havijisogezi tena, na breki ya mguu nayo inaanza kuzama.

Kebo iliyokwama au iliyochanika. Badilisha. Kuitia mafuta husaidia siku chache, kwani kutu iliyo ndani ya ganda haitoki. Kebo isiungwe kwa fundo, isifungwe kwa waya, wala isichomewe kwa welding. Moto hudhoofisha nyuzi zake. Kebo mpya ipite njia ileile ya zamani na ifungwe kwenye vishikizo vyote, mbali na bomba la moshi na mbali na propela.

Meno yaliyolika. Badilisha mkono wa breki au kile kipande cha meno. Kufunga mkono kwa mpira au kamba ni hatari, kwa sababu siku moja kamba itakatika gari ikiwa imejaa.

Mpangilio wa kukaza. Sasa tumefika kwenye kebo, na mnaona ni kazi ya mwisho:

1. Teremsha mkono wa breki kabisa, na ulegeze nati ya kukazia kebo.

2. Sogeza viatu karibu na dramu. Kwa magari mengi kuna kigurudumu cha meno kinachofikiwa kwa bisibisi kupitia tundu la bamba la nyuma. Kizungushe mpaka gurudumu lishike, kisha ukirudishe polepole mpaka gurudumu lizunguke kwa kukwaruza kidogo. Fanya vivyo hivyo upande wa pili. Kwa zile Hilux za zamani, malizia kwa kuvuta na kuachilia mkono wa breki mara nyingi, mpaka usisikie tena ule mlio wa kujisogeza ndani ya dramu.

3. Kanyaga breki ya mguu mara kadhaa ili viatu vikae katikati.

4. Ndipo ukaze nati ya kebo kidogo kidogo, mpaka mkono ushike kwenye idadi ya meno inayotakiwa.

5. Teremsha mkono tena. Magurudumu yote mawili yawe huru. Yakishika, umekaza kupita kiasi, legeza. Kisha funga nati ya pili ili ya kwanza isijifungue.

Kwa nini tusianze na kebo? Kwa sababu ukiikaza wakati viatu viko mbali na dramu, unakuwa umevivuta viatu nusu njia daima. Katika magari mengi kifaa cha kujisogeza hakifanyi kazi tena. Mbele ya macho yako mkono umekuwa mfupi na mzuri. Lakini ndani ya dramu viatu vinasugua safari nzima, vinachemka, vinapikia grisi ya beringi na kuharibu sili. Sili ikifa, mafuta yanamwagika kwenye viatu vipya. Umeanza tena mwanzo, na mfuko wa kikundi umepungua.

6. JARIBIO LA MWISHO

Msiamini kazi mpaka mmeipima. Kwanza kwenye uwanja tambarare usio na watu mbele: vuta breki ya mkono, weka gia ya kwanza, achilia klachi polepole. Injini ilemewe na karibu kuzima, gari isitembee kwa urahisi. Usiirudie mara nyingi, utaumiza klachi.

Kisha nendeni kwenye mteremko mpana usio na watu. Dereva abaki kitini, mguu ukiwa tayari juu ya pedali. Mjaribu gari ikitazama juu, halafu ikitazama chini, kwa maana kuna breki zinazoshika upande mmoja na kuachilia mwingine. Mwanzo gari iwe tupu. Ikishika, jaribuni tena na mzigo wenu wa kawaida. Mtu yeyote asisimame mbele wala nyuma ya gari.

7. MAPATANO YA KIKUNDI

Breki ya mkono huharibika polepole, ndiyo maana hakuna anayeona ni zamu yake kusema. Dereva anaogopa kuonekana msumbufu. Mweka hazina anaogopa gharama. Wapakiaji wanadhani dereva anajua. Basi jambo hili lisiachiwe mtu mmoja. Pendekezo letu ni haya:

- Kitabu cha gari kiwe na ukurasa wa breki. Kila mwisho wa mwezi iandikwe tarehe, kilomita, idadi ya meno, na jina la aliyepima. Meno mawili zaidi kuliko mwezi wa mwisho yatosha kuita fundi.

- Baada ya safari ya matope mengi au kuvuka mto, viwiko na kebo vikaguliwe wiki hiyohiyo.

- Kila safari kutengwe pesa kidogo za breki. Viatu vikibadilishwa mapema, dramu hubaki. Mkichelewa mtanunua vyote viwili.

- Mtu yeyote wa kikundi, hata mpakiaji, awe na haki ya kusema, "Gari hii haipakiwi hapa," na asikilizwe bila kuchekwa.

- Kusimama kuwe na utaratibu mmoja: kanyaga breki ya mguu, vuta breki ya mkono, achilia mguu polepole uone kama gari imeshikwa, kisha weka gia. Gari ikitazama juu weka gia ya kwanza. Ikitazama chini weka ya kurudi nyuma. Pindisha magurudumu ya mbele ili gari ikiteleza iende kwenye ukingo wa barabara, si kwa watu. Mwisho weka kabari, na taniboi ahakikishe ameirudisha garini kabla ya kuondoka.

- Mtoto asiachwe peke yake ndani ya gari iliyosimama. Mkono wa breki na gia ni vitu vya kuchezea machoni pake.

Kumbukeni pia kwamba gari ya biashara hupelekwa ukaguzi, na breki ya mkono ni mojawapo ya vitu vinavyopimwa. Lakini siku ya ukaguzi ni moja tu kwa mwaka, na maziwa hupakiwa kila asubuhi.

MASWALI YA KUJADILI KATIKA MKUTANO

1. Je, gari tunayoitumia inasafiri na jiwe? Ni nani aliyeamua hivyo, na tangu lini?

2. Mkono wa breki unapanda juu sana lakini pedali ya mguu iko vizuri. Tutaanza kutafuta ubovu wapi?

3. Kwa nini kuzuia magurudumu ya mbele ni lazima tunapopandisha yale ya nyuma?

4. Fundi amesema, "Nitaikaza kebo tu, dakika kumi." Tutamwuliza maswali gani kabla hajaanza?

5. Kituo chetu cha kupakia kiko kwenye mteremko. Je, kuna mahali pengine tambarare, hata kama ni mbali hatua hamsini? Nani ataongea na mwenye shamba?

6. Nani atapima meno mwisho wa mwezi huu, na ataandika wapi?

Msimalize mkutano kabla ya kujibu swali la sita kwa jina la mtu na tarehe.